Kabla ya kompyuta, mnunulie meza

Mzazi mwenzangu, kama unajiandaa kumnunulia kijana wako kompyuta ili aanze kazi ya ubunifu wa grafiki nyumbani, ombi langu wiki hii ni fupi. Tenga kwanza hela ya meza na kiti, kisha kompyuta ifuate.

Najua ombi hili litawakera wengi. Kompyuta ndiyo inayoonekana kuwa kitendea kazi, na meza inaonekana pambo. Lakini mimi hukutana na hawa vijana baada ya mwaka mmoja au miwili ya kazi. Shingo haigeuki, vidole vinakufa ganzi usiku, macho mekundu, na mfukoni kuna pakiti ya dawa za maumivu iliyokwisha nusu. Ukimuuliza anafanyia kazi wapi, jibu huwa moja kati ya matatu: kitandani, kwenye kochi, au sakafuni huku kompyuta ikiwa juu ya stuli.

Kazi hii imeingia katika ukanda wetu kwa kasi. Kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, Masumbwe, Katoro na Geita, kijana mwenye kompyuta moja na bando la intaneti anatengeneza kadi za michango ya harusi, mabango ya mikutano ya injili, lebo za unga na asali, matangazo ya maduka ya vipuri, majalada ya nyimbo za Kisukuma na maandishi ya jezi za timu za mtaa. Wengi hawana ofisi. Chumba cha kulala ndicho ofisi, na steshenari ya jirani ndiyo huchapa. Ni kazi halali, inalisha familia, na baadhi yao waliikimbilia baada ya kuchoka kushuka mashimoni. Mimi naiunga mkono. Ninachopinga ni dhana kwamba kwa kuwa mtu amekaa ndani kivulini, mwili wake hauumii.

Wakazi wa Mgusu, Nyarugusu au Mwakitolyo hawahitaji kuelezwa umuhimu wa matimba. Hakuna mwenye duara makini anayeshusha watu chini kabla ya kuweka magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke. Matimba hayaleti dhahabu hata gramu moja, lakini bila hayo dhahabu inaweza kukugharimu mtu. Meza, kiti na mwanga ni matimba ya anayefanya kazi kwenye kompyuta. Tofauti ni kwamba duara likiporomoka kila mtu husikia, wakati shingo huporomoka kimya kimya kwa miaka.

Usiipakate

Jina la kompyuta mpakato limetuponza. Tumeona inaitwa mpakato, basi tukaipakata kama mtoto. Kuipakata dakika kumi kwa kujibu ujumbe si tatizo. Kuipakata saa nane ukichora ni jambo jingine.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takribani kilo tano. Ukikaa wima, uti wa mgongo huubeba uzito huo bila shida. Ukiinamisha kichwa, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta kisianguke mbele, na mzigo unaongezeka. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu na kukadiria kwamba kichwa kilichoinama kwa nyuzi 60 huibebesha shingo mzigo wa kama kilo 27. Huo ni zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji. Nyuzi 60 ni pale kidevu kinapokaribia kifua, namna ileile anavyokaa kijana aliyeweka kompyuta mapajani.

Shida ya kompyuta mpakato ni kwamba kioo na kibodi vimeunganishwa. Ukiiweka mikono ipate raha, kioo kinakuwa chini sana. Ukiinua kioo, mikono inapaa. Dawa yake ni kuvitenganisha: nunua kibodi na mausi vya waya, kisha inua kompyuta kwa matofali mawili yaliyofunikwa kitambaa, boksi imara la mbao, au vitabu vya shule vilivyopitwa na mtaala, ila usizibe matundu yake ya hewa. Bei ya kibodi na mausi vya kawaida ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompyuta. Kama atanunua kompyuta ya mezani iliyotumika, tatizo hili halipo, na kwa kijana anayefanyia kazi zake zote nyumbani mara nyingi hilo ndilo chaguo bora. Kasoro yake ni kwamba umeme ukikatika nayo inazimika.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho yako au chini kidogo. Umbali kutoka jichoni hadi kwenye kioo uwe urefu wa mkono ulionyooshwa, yaani kati ya sentimita 50 na 70. Viwiko vikae karibu na mbavu, vikunjwe kama pembe ya mraba, na mabega yalegee. Mgongo wa chini uguse kiti. Nyayo zote mbili zikanyage chini, na kama hazifiki weka tofali au kiboksi cha mbao.

Kwa fundi seremala, agiza meza yenye kimo cha sentimita 70 hadi 75 na upana wa kutosha kuweka kioo, kibodi na daftari la kuchorea. Meza ndogo ya sebuleni, ile ya kuwekea chai ya wageni, haifai hata ukiipenda vipi, kwa sababu nyingi hazivuki sentimita 50. Kiti si lazima kiwe kile cha ofisi chenye magurudumu. Kiti cha mbao chenye egemeo, mto wa kukalia na kanga iliyoviringishwa ikawekwa nyuma ya kiuno kinafanya kazi nzuri. Hata kiti cha plastiki chenye egemeo ni bora kuliko stuli, na stuli ni bora kuliko kitanda.

Vidole vinavyolala kabla yako

Kazi ya grafiki inatofautiana na kuchapa barua. Mbunifu hushika mausi kwa saa nyingi, anavuta mstari kidogo, anabonyeza, anarudia. Kifundo cha mkono kikikunjwa juu muda wote, mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba ya kifundo hubanwa. Dalili yake ni ganzi au kuchomwachomwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku. Mgonjwa huamka akikung'uta mkono. Kidole kidogo kwa kawaida hakihusiki, na hilo hutusaidia madaktari kutofautisha tatizo hili na mengine.

Usisubiri vitu vianze kukudondoka mkononi. Sogeza mausi karibu na kibodi, kimo kimoja nayo, na usiegemeze kifundo kwenye ncha ya meza. Lisogeze kwa mkono mzima kutoka kwenye kiwiko. Ganzi ikiendelea wiki kadhaa, njoo hospitali. Ukiwahi, mara nyingi kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala hutosha. Ukichelewa, misuli ya kidole gumba inaweza kusinyaa, na upasuaji haurudishi kila kilichopotea.

Macho, mwanga na matone ya dukani

Tukitazama kioo tunapepesa macho mara chache, pengine nusu ya kawaida au chini ya hapo. Machozi yanakauka. Ongeza upepo na vumbi la kiangazi la Shinyanga, ongeza feni inayopuliza usoni, na utaelewa kwa nini kijana analalamika macho yana mchanga.

Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20, huku ukipepesa macho. Paa la jirani, mwembe, mnara wa simu, chochote. Weka meza ili dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma yako. Likiwa nyuma, mwanga wake unaakisi kwenye kioo. Likiwa mbele, macho yanapambana na mwanga mkali. Na usifanye kazi gizani. Kupima mwanga wa kioo ni rahisi: shika karatasi nyeupe kando yake. Kioo kikionekana kama taa, punguza mwanga wake. Kikionekana kijivu, ongeza.

Kwa mbunifu, dirisha lina faida nyingine. Rangi huonekana sawasawa mchana. Taa ya njano huzidanganya, na ile hali ya kioo cha usiku inayoongeza umanjano huzidanganya zaidi. Anayechagua rangi za bango saa nane usiku mara nyingi hulazimika kuzirekebisha asubuhi. Kwa hiyo pangilia: rangi na picha mchana, maandishi na bili jioni.

Mambo mawili ya kuepuka. La kwanza ni kupoteza hela kwa miwani inayodaiwa kuzuia mwanga wa bluu. Mapitio ya tafiti 17 yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2023 hayakuona kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Hela hiyo itumie kupima macho. Huenda kijana anahitaji miwani halisi, na sisi tuliovuka miaka 40 karibu wote tunaihitaji kwa kazi za karibu.

La pili ni hatari zaidi: kununua matone ya macho bila kupimwa. Baadhi ya matone yanayouzwa madukani yana steroidi, kama deksamethasoni. Yanaondoa wekundu haraka, ndiyo maana watu huyasifia. Yakitumika kwa wiki na miezi, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Upofu wa presha ya jicho haurudi nyuma. Nasikitika kijana anapopoteza uwezo wa kuona kwa kutibu macho makavu, tatizo ambalo lilihitaji kupepesa, kupumzika na kuhamisha feni.

Hatari za ukanda wetu

Makala nyingi za kupanga sehemu ya kazi nyumbani zimeandikiwa watu wa miji ya mbali. Hazizungumzii nyumba ambayo kwenye ua wake mtu anachoma zebaki.

Katika makazi ya wachimbaji wadogo, bado kuna watu wanaochomea dhahabu yenye zebaki jikoni, uani au kwenye chumba cha kupanga. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania ni mwanachama, unataja uchomaji huo kwenye makazi kuwa miongoni mwa mambo mabaya yanayotakiwa kukomeshwa. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na unaweza kung'ang'ania kwenye nguo, sakafu na kuta. Kwa anayeuvuta muda mrefu huleta mikono kutetemeka, usingizi kupotea, usahaulifu na hasira zisizo na sababu. Unaweza hata kudhoofisha uwezo wa kutofautisha rangi. Fikiria mbunifu asiye na mkono mtulivu wala jicho la rangi. Mama mjamzito na watoto walio nyumba hiyo wako hatarini zaidi kuliko wote.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua chumba cha kazi, uliza kinachochomwa karibu nacho. Kama ni mzee wa nyumba mwenyewe anayechoma, hapo wanafamilia mnahitaji kikao. Kazi hiyo ihamie mbali na makazi, na ifanyike kwa ritoti, kifaa kinachonasa mvuke. Vilevile usiweke meza kwenye dirisha linalotazama karasha. Vumbi la mawe linaharibu kompyuta, lakini kilichonitia kalamu mkononi ni mapafu.

Umeme ukikatika, jenereta isiwekwe ndani, barazani wala chini ya dirisha, hata kama unaogopa itaibwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa lina hewa hiyohiyo, kwa hiyo usilitumie kupasha joto chumba usiku wa mvua. Tukiwa kwenye mvua: Kanda ya Ziwa hupigwa radi nyingi. Mawingu yakianza kukusanyika, hifadhi kazi yako na chomoa nyaya ukutani mapema. Radi zikishaanza kupiga karibu, usishike waya tena. Na acha kuunganisha soketi juu ya soketi kwenye waya mmoja mwembamba unaopita chini ya godoro.

Usiku, vopo na vidonge

Mteja wa grafiki ana tabia moja: anataka kazi asubuhi, na anaitaja saa nne usiku. Ndipo kijana anapofungua kinywaji cha kuongeza nguvu, cha kwanza, cha pili. Vinywaji hivi vina kafeini na sukari nyingi. Vinakimbiza moyo, vinapandisha presha, vinaondoa usingizi ambao ndio ungemrudishia macho na mgongo wake. Asubuhi kichwa kinauma, anameza diklofenaki. Kesho yake tena. Dawa hiyo ikitumiwa kila siku bila ushauri wa daktari huchubua tumbo hadi kutoa damu, huumiza figo na kupandisha presha. Hapo kijana wa miaka 26 anaanza kufanana na wagonjwa wangu wa miaka 60.

Mpangie saa ya kufunga kazi, na mteja alipe zaidi kwa kazi ya haraka. Kila nusu saa ainuke, achote maji, atembee uani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kwenda steshenari kupeleka kazi badala ya kupanda bodaboda kunahesabika.

Si kila maumivu ni kiti

Hapa naomba unisome taratibu. Meza nzuri haitibu kila mgongo, na katika ukanda wa migodi kuna sababu ya kuwa macho. Vumbi la mawe husababisha silikosisi, na mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Kijana aliyechimba miaka mitatu, sasa anafanya grafiki, akiumwa mgongo atalaumu kiti. Kama maumivu hayapungui akilala, yanazidi usiku, anapungua uzito, anatoka jasho, ana homa au kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, au uti umetokeza nundu, aende kupimwa kifua kikuu. Vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Kuna dalili nyingine za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: mguu kupoteza nguvu, ganzi sehemu za siri na makalioni, au kushindwa kuzuia haja au kukojoa. Usianzie kwa mkandaji, na usisubiri mwisho wa wiki.

"Hatuna nafasi, daktari"

Hilo ndilo jibu ninalopewa mara nyingi, na ni la haki. Familia nyingi za Nyankumbu au Ngokolo zinaishi kwenye chumba kimoja au viwili vya kupanga. Lakini meza ya kazi haihitaji chumba. Ubao wenye upana wa sentimita 50, uliofungwa ukutani kwa bawaba kando ya dirisha, unakunjwa usiku na watoto wanapata pa kulala. Meza ya kulia chakula inatosha kama ina kimo sahihi na kijana anapewa saa zake bila kusumbuliwa. Ugumu mara nyingi uko kwenye kukubali kwamba kilicho kwenye kona ile ni kazi.

Nadhani hapo ndipo wazazi tunapokosea zaidi. Kijana akishika sururu, tunamtengea chakula na kumuuliza kama amechoka. Akikaa kwenye kompyuta saa kumi, tunasema anakaa tu, tunamtuma dukani katikati ya kazi, na akilalamika shingo tunamwita mvivu. Matokeo yake hufanya kazi usiku, wakati nyumba imelala, kitandani, gizani. Yale yote niliyoyaeleza hapo juu huanzia kwenye kutoheshimiwa kwa kazi yake mchana.

Na kama kompyuta hiyo itatumiwa pia na wadogo zake wa shule ya msingi, kumbuka kimo cha meza ya kaka si chao. Waongezee mto na kiti cha kukanyagia, wape muda maalumu, kisha wafukuze nje wakacheze. Watoto wanahitaji angalau saa moja ya kukimbia na kuruka kila siku, na mwanga wa nje husaidia kuzuia tatizo la kutoona mbali.

Jumamosi hii chukua futi ya fundi. Pima kimo cha meza uliyonayo, kimo cha kiti, na umbali kutoka machoni mwa kijana wako hadi kwenye kioo. Andika namba hizo tatu, zilinganishe na nilizozitaja, kisha mpelekee seremala zile zilizokosea kabla hujapeleka hela kwa muuza kompyuta.